Boti ya Mbao Isiyo na Jina: Jinsi ya Kujua Ilikoundwa

Dodoma haina bahari, na maji yake makubwa ni ya mabwawa. Hata hivyo boti za zamani za mbao zipo: nyuma ya gereji, kwenye yadi za misheni na za idara, kando ya Hombolo, ufukweni Mtera. Nyingine zimelala chini ya mti hadi aliyezileta hakumbukwi tena, na karibu zote zina maelezo yaleyale: "Hii ni ya Mjerumani." Yaweke pembeni kwanza. Ukiyakubali mapema utapoteza muda, na yakienea mtaani utapata wageni wenye sururu wanaotafuta rupia za Wajerumani chini ya mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye boti ya injini ya mita 4 hadi 9 hivi, isiyo na karatasi, anayetaka kujua iliundwa wapi, miaka gani, na ilifikaje kanda ya kati. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kutenganisha vitu ambavyo boti ilitoka navyo kiwandani na vitu ilivyoongezewa njiani. Injini hubadilishwa, rangi hupakwa upya, usukani hung'olewa ukauzwa. Mkuku, mataruma (mbavu za boti) na ubao wa tezi (upande wa nyuma) havibadilishwi kirahisi. Kisha kumbuka kwamba boti haiwezi kuwa kongwe kuliko kipande kipya kabisa kati ya vile vya asili yake. Skurubu moja ya mwaka 1950 iliyo mahali pake pa asili inatosha kuifuta habari ya mwaka 1910.

Kabla ya kugusa chochote

Anza na walio ndani. Boti iliyofunikwa turubai Dodoma ni nyumba ya nyuki, nge na nyoka. Gonga mbao kwa fimbo ndefu asubuhi kukiwa bado na baridi, usikilize. Nyuki wakiwemo, tafuta mfuga nyuki. Usiwashe moto, kwa sababu mbao za ngama (chini ndani ya boti, maji yanapokusanyika) zimenyonya dizeli na oili kwa miaka na zitawaka.

Usiioshe. Wengi huanza kwa kuileta mashine ya kuoshea magari, na kwa dakika kumi wanafuta nusu ya ushahidi: mchanga wa ngama, vivuli vya maandishi, namba za penseli. Msasa nao usubiri.

Iinue na kuikalisha vizuri. Weka vipande vya gogo chini ya mkuku kila baada ya mita 1, na nguzo za pembeni zenye vibao vipana ili uzito usikae kwenye ubao mmoja. Ukiishika omo (mbele) na tezi tu, katikati itazama na vipimo vyako vitadanganya. Chini ya magogo weka bati, ukwangue njia za udongo za mchwa kila wiki. Mchwa huanza kula mkuku, na mkuku ndio unaouhitaji zaidi. Kivuli kiwe cha turubai lisilogusa boti, wazi pande zote mbili.

Nafasi kati ya mbao zitakuwa wazi, pengine milimita 3 hadi 5. Ni ukavu wa hapa, wala boti haijaharibika. Usizibe kwa puti ngumu. Siku mbao zikinywa maji zitavimba, puti haitasogea, na kitakachovunjika ni mataruma.

Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina risasi, na ya chini ya mstari wa maji kuwa na sumu za kuzuia viumbe vya majini. Popote utakapokwangua, kwangua kwa maji, vaa barakoa, na watoto wasicheze hapo.

Vifaa si vingi: tepu yenye inchi na sentimita, kalipa, tochi, sumaku (ya spika mbovu inafaa), wembe mpya, lenzi ya kukuza mara 10, penseli na karatasi nyepesi, chaki, msasa wa maji namba 220, bahasha ndogo, na simu ya kupiga picha. Kila kitu kipigwe picha kabla hakijafunguliwa, na tepu ionekane kwenye picha.

Vipimo, na mtego wa inchi

Pima urefu wa juu kutoka omo hadi tezi, upana mkubwa kabisa, upana wa ubao wa tezi juu na chini, kina cha katikati, na nafasi kati ya taruma na taruma, kitovu kwa kitovu. Urefu wa mbao haupungui kwa ukavu kiasi cha kuonekana, ila upana wa kila ubao hupungua. Kwa hiyo urefu na nafasi za mataruma viamini kuliko upana wa mbao.

Geuza kuwa futi. Mita 4.88 ni futi 16, mita 5.49 ni futi 18, mita 6.40 ni futi 21. Urefu ukiangukia futi kamili, na mataruma yakiwa kila milimita 152, 203 au 229 (yaani inchi 6, 8 au 9), aliyechora alifikiri kwa inchi. Ikiwa nafasi ni milimita 200 au 250 na urefu ni mita kamili, alifikiri kwa mita, na hapo elekea Ulaya nje ya Uingereza, Japani, au michoro ya siku za karibuni.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mbao za Tanzania huuzwa kwa inchi mpaka leo; kila duka la mbao Majengo utaambiwa "mbili kwa nne" na "moja kwa nane". Unene wa ubao wa milimita 25 hauthibitishi Uingereza wala Marekani. Huenda ubao ulipasuliwa Iringa. Nafasi za mataruma, urefu mzima na bolti ndivyo vinavyosema.

Namna ilivyoungwa

Tazama ubavu. Mbao zikipandiana kama vigae, na kila upandianaji umefungwa kwa ribiti za shaba nyekundu zenye washa ndogo ya koni ndani, huo ni mtindo wa Ulaya ya kaskazini, na Waingereza waliupenda kwa boti ndogo. Marekani pia walikuwapo waliopandisha hivyo. Lyman wa Sandusky, Ohio, alijulikana kwa kupandisha vipande vya plaiwudi. Kwa hiyo chungulia ukingo wa ubao: tabaka zikionekana ni plaiwudi, na boti ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya baada ya Vita ya Pili ya Dunia, gundi zisizoogopa maji zilipokuwa za kawaida.

Ubavu ukiwa laini, ingia ndani. Ukiona ubao mwembamba umepita nyuma ya kila kiungo cha mbao mbili, na umekazwa kwa skurubu pande zote mbili, upo kwenye familia ya boti za kasi za Marekani: Chris-Craft wa Algonac, Gar Wood, Century, wote wa Michigan. Ukiona tabaka mbili za mbao zenye kitambaa katikati, ni kazi ya karakana kubwa yenye mafundi wengi. Mwili ulioundwa kwa tabaka nyembamba zilizogandishwa zikapinda kila upande, bila mataruma mengi, ni kazi ya mvuke na shinikizo. Baada ya vita Fairey Marine wa Hamble, Uingereza, walijijengea jina kwa kazi hiyo.

Plaiwudi bapa yenye kona kali chini huleta swali lingine: ni ya kiwanda, au mtu aliiunda nyumbani kwa ramani? Miaka ya 1950 na 1960 ramani na vifurushi vya kujiundia viliuzwa kwa wingi, hata Chris-Craft waliviuza. Pima kutoka tezi kwenda mbele. Karatasi ya plaiwudi ni futi 8, mita 2.44. Kiungo kikiwa hapo hasa, na nyuma yake kimebandikwa kipande cha kuunga, shuku kazi ya nyumbani. Dalili nyingine ni skurubu za aina tatu mahali pamoja na mistari ya penseli iliyoachwa ndani. Boti ya namna hiyo haikuwahi kuwa na namba ya kiwanda, kwa hiyo usiitafute hadi upasue mbao.

Za pwani na za maziwa yetu hujitambulisha zenyewe. Mataruma yamekatwa kutoka matawi yaliyopinda kwa asili, misumari ni ya chuma na imekunjwa ndani, viungo vimepigwa kalafati ya pamba (pamba iliyosokomezwa kuzuia maji), na mara nyingi kichwa cha msumari kimezungushiwa pamba yenye mafuta. Injini ndani yake ikiwa ya kifahari kiasi gani, chombo ni cha hapa.

Mbao zenyewe

Kata uso mpya wa sentimita 1 kwenye kichwa cha ubao, mahali pasipoonekana, kwa wembe uliolowanishwa. Uso uliokwaruzwa kwa msasa hausomeki. Weka lenzi jichoni na usogeze kichwa pamoja nayo, si lenzi peke yake.

Mataruma yenye mistari mipana inayotoka kiini kwenda nje kama miale, na madoa meusi kila penye msumari wa chuma, ni mwaloni, ule wa kwenye Biblia. Mwaloni hauuzwi na wauza mbao wetu. Mataruma ya mwaloni yaliyopindwa kwa mvuke yanakupeleka Ulaya au Marekani, na huu ni ushahidi mzito kuliko injini.

Mbao nyekundu za ubavuni zinahitaji subira, maana kila mtu huziita "mahogani". Ya Amerika ya Kati huonyesha mistari myembamba myeupe inayozunguka kama mipaka ya mwaka. Mkangazi kwa kawaida haina mistari hiyo. Ile inayoitwa mahogani ya Ufilipino, iliyotumiwa sana na viwanda vya Marekani, ina safu ndefu za vitundu vidogo vilivyojaa utomvu mweupe; ukiziona safu hizo, jibu limekaribia. Mkangazi ndio wenye utata: Waingereza waliagiza jamii hiyo ya mti kutoka Afrika kwa boti zao, na hapa kwetu unaota. Boti ya mkangazi yenye mataruma ya mwaloni ni ya Uingereza kwa uwezekano mkubwa. Ya mkangazi yenye mataruma ya mti wa hapa iliundwa Afrika Mashariki, au ilivaliwa mbao mpya huku.

Mvule hutambulika kwa chembe za chokaa nyeupe zinazoua makali ya randa. Msaji una mafuta mkononi na harufu ya ngozi; usiurukie kuwa ni wa Burma, kwani umepandwa Tanzania tangu enzi za Wajerumani. Mninga fundi yeyote wa samani Dodoma ataujua kabla hujamaliza kuuliza. Ukikwama, weka kipande cha sentimita 2 kila upande kwenye bahasha, andika kilipotoka, ukipeleke Morogoro kwa wataalamu wa misitu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu). Chukua kipande cha taruma na cha ubavu, si cha benchi. Mabenchi hubadilishwa.

Misumari, skurubu na bolti

Pitisha sumaku kwanza. Isiposhika popote, kwa uwezekano mkubwa boti imefungwa kwa shaba au bronzi, na iliundwa na mtu aliyekuwa na fedha na maji ya chumvi akilini.

Skurubu za bisibisi bapa hazisemi mwaka. Za nyota zinasema: zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930 huko Marekani, kwa hiyo zikiwa zimejipanga ubavu mzima chini ya vizibo vya mbao, boti si ya kabla ya hapo. Zenye tundu la mraba ni desturi ya Kanada. Usihukumu kwa skurubu mbili. Fungua vizibo vitano sehemu tofauti. Kizibo kilichotengenezwa kwa mbao ileile ya ubavu, chembe zikielekea upande mmoja, ndicho cha asili.

Bolti ndizo zinazosema mengi kwa kazi ndogo, na ndizo watu wanazozipima vibaya. Spana namba 19 inaingia kwenye bolti ya milimita 12 ya kawaida, na inaingia vilevile kwenye bolti ya nusu inchi ya Marekani, kwa sababu kichwa chake ni robo tatu ya inchi, milimita 19.05. Kwa hiyo spana haitofautishi. Hesabu meno. Fungua bolti ya kuinjika injini kwenye vitanda vyake au ya kufungia omo, isafishe kwa mafuta ya taa, ilaze kwenye tepu, uhesabu meno ndani ya inchi moja. Kwa bolti ya nusu inchi, meno 12 ni Whitworth ya Uingereza, meno 13 ni kipimo cha Marekani. Ukipata kama meno 14 na nusu, ni milimita 12 yenye hatua ya 1.75.

Whitworth haimaanishi lazima kabla ya vita. Waingereza waliendelea nayo muda mrefu hata baada ya wao, Marekani na Kanada kukubaliana kipimo cha pamoja mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini bolti za Whitworth zilizopita kwenye mkuku haziendi Michigan.

Namba: wapi zilipo na zinasema nini

Gari lina chesi namba, na watu hudhani boti nayo lazima iwe nayo mahali pamoja. Haina. Tafuta kwa mpangilio huu: uso wa nje wa ubao wa tezi, upande wa kulia ukitazama omo, karibu na ukingo wa juu, uso wa ndani wa ubao huohuo, upande wa chini wa kifuniko cha injini, kipande cha mbao kinachounga mkuku na tezi, boriti kubwa ya sitaha, nyuma ya dashibodi. Zima taa, laza tochi karibu na mbao hadi mwanga upite ubavuni, uzungushe taratibu. Namba iliyogongwa hujaa vanishi ikapotea machoni, lakini kivuli chake kinabaki. Ukiiona, weka karatasi juu na usugue penseli. Usiijaze chaki kabla ya kuipiga picha.

Herufi na tarakimu 12 mfululizo kwenye tezi ni mfumo wa Marekani ulioanza Novemba 1972. Herufi tatu za mwanzo ni msimbo wa mtengenezaji, na mwisho wake hubeba tarehe. Ikianza na msimbo wa nchi kama GB au IT ni mfumo wa Ulaya wa mwaka 1998 na kuendelea. Kukosekana kwa namba hizo hakusemi zaidi ya kwamba boti ni ya kabla ya sheria, au ya nchi isiyoihitaji, au ubao wa tezi umebadilishwa.

Chris-Craft waligonga namba zao kwenye mbao, aghalabu kifuniko cha injini na fremu za tezi. Namba hizo zikilingana sehemu mbili, una bahati kubwa: kadi za kiwanda zimehifadhiwa Mariners' Museum huko Newport News, Virginia, na kadi huonyesha boti iliondoka kiwandani na injini gani na kwenda kwa muuzaji yupi. Zisipolingana, kifuniko kimetoka boti nyingine.

Namba iliyochongwa kwenye boriti kubwa pamoja na tani ni usajili wa meli wa Kiingereza. Vyombo vidogo vya pwani na mito vilisamehewa usajili huo, kwa hiyo ni nadra kwa ukubwa tunaouzungumza; ukiikuta, chombo kilikuwa na kazi rasmi. Mshale mpana wa mistari mitatu inayokutana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, taasisi iliyokuwapo kati ya 1948 na 1969; baada ya hapo reli na bandari ziligawanywa mashirika mawili, na yote yakavunjika na Jumuiya mwaka 1977. Kwa hiyo herufi hizo nne zinakupa miaka 21 tu ya kutafuta. Ziwe zimegongwa kwenye shaba lakini. Za rangi mtu yeyote angeweza kuziandika.

Kibao cha jina kwa kawaida hakipo. Shaba na bronzi ni vya kwanza kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pangaboi (propela) huondoka kabla ya kibao. Lakini matundu ya skurubu yanabaki, na mbao iliyokuwa chini ya kibao ina rangi tofauti. Pima umbo hilo na nafasi za matundu kwa nusu milimita. Anayemiliki boti ya aina hiyo akiwa na kibao anaweza kulinganisha.

Maandishi ya rangi tafuta kwa dirisha: eneo la sentimita 10 kila upande kwenye omo na tezi, msasa wa maji, ukipunguza shinikizo kuelekea pembeni hadi kila tabaka lionekane kama pete. Hesabu pete, andika rangi. Tabaka lililogusa primer (rangi ya msingi) au mbao tupu ndilo la kiwanda. Kama tezi ina vanishi chini kabisa na ubavu una rangi, iandike; wengi walikuwa na desturi hiyo.

Injini, mwisho wa foleni

Tumeiweka huku makusudi. Boti nyingi za kanda hii zimewahi kufungwa injini ya Land Rover, ya Bedford, au mashine ya Kichina iliyotoka kwenye kinu cha kusaga. Kagua vitanda vya injini kwanza. Matundu ya zamani yaliyozibwa, vipande vilivyoongezwa kuinua, shafti isiyo sawa na vitanda: injini hii si ya kwanza. Pima nafasi ya matundu yaliyozibwa, hayo ndiyo ya injini ya asili.

Perkins wa Peterborough waliandika mengi kwenye namba. Kwa mtindo wa kuanzia 1974, herufi za mwanzo ni familia ya injini (ED ni 4.108, LD ni 4.236), U katikati ni Uingereza, na herufi ya mwisho ni mwaka: A ni 1974, B 1975, na kuendelea, I na nyingine chache zikirukwa. Gray Marine ni Detroit. Volvo Penta ni Sweden, nao ndio walioleta mwaka 1959 mtambo wenye injini ndani na mguu wa pangaboi nje ya tezi. Tundu kubwa lililokatwa tezini kwa mguu huo, likiwa la asili, linafuta miaka yote kabla ya hapo. British Seagull yenye tangi la shaba ilitoka Poole na ilienea koloni nzima, lakini injini ya kuning'iniza hubebwa begani. Haithibitishi chochote kuhusu boti.

Vifaa vya umeme visivyopendeza macho vinasaidia kuliko injini. Dainamo, stata na swichi za Lucas mara nyingi zimegongwa mwezi na mwaka kwenye kasha: 3 58 ni Machi 1958. Mita za Smiths ni London, Stewart-Warner ni Chicago, VDO ni Ujerumani. Mita tatu za kampuni moja, tundu za dashibodi zikiwa hazijapanuliwa, ni za asili. Pangaboi likiwa limebaki, futa kitovu chake: vipimo kama 13 x 10 ni kipenyo na hatua kwa inchi, na jina la Michigan au Columbian ni Marekani.

Ilikoelea

Swali la iliundwa wapi si sawa na swali la ilitumika wapi, na la pili hujibiwa na uchafu. Chota mchanga wa ngama kijiko kimoja kutoka omo, katikati na tezi, kila kimoja bahasha yake. Mashimo ya mviringo kwenye mbao za chini yenye utando wa chokaa ndani ni ya mnyoo wa baharini. Mchwa hauachi chokaa, unaacha udongo. Mnyoo huyo haishi maji baridi, kwa hiyo boti ilikaa baharini, na muda wa kutosha. Konokono usiwaamini haraka: wa Ziwa Tanganyika wengine wana magamba yanayofanana mno na ya bahari.

Kisha linganisha na ramani ya njia. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na Mwanza mwaka 1928, na boti ya futi 18 huingia kwenye behewa la wazi bila taabu, kwa hiyo ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Victoria ingeweza kushushwa Dodoma. Bwawa la Hombolo ni la 1957. Bwawa la Mtera halikuwepo kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, hivyo mtu akikuambia babu yake aliiendesha Mtera wakati wa mkoloni, heshimu umri wake na uulize upya bwawa lilikuwa lipi. Kongwa nayo isisahaulike: mradi wa karanga baada ya vita uliingiza mabaki mengi ya jeshi kwa reli, na herufi OFC (Overseas Food Corporation, shirika lililoendesha mradi huo) kwenye kifaa zinatoka huko.

Kuuliza wazee kuna utaratibu wake. Usianze na "Mzee, hii si ya Mjerumani?" maana utajibiwa ndiyo kwa adabu. Uliza: ilikuja kwa lori au kwa treni, ilikuwa rangi gani ilipokuja, nani alikuwa anaiwasha, mafuta yalikuwa petroli au dizeli. Jibu la rangi unaweza kulipima kwenye dirisha lako la pete siku hiyohiyo.

Na kuhusu Mjerumani mwenyewe: chombo cha kabla ya 1914 hakitakuwa na plaiwudi, skurubu za nyota, wala waya wenye ganda la plastiki mahali pa asili. Boti za mbao za injini zinazojulikana zaidi katika vita ile upande wetu, Mimi na Toutou, zilikuwa za Waingereza, zilijengwa na Thornycroft, zilikuwa na futi 40, na zilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kupitia Kongo, si kupitia hapa.

Karatasi na barua

Chombo kilichosajiliwa Tanzania Bara kiulizie TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), iliyoanza kazi mwaka 2018 ikirithi usimamizi wa usafiri wa majini kutoka SUMATRA. Peleka namba, si hadithi. Mafaili ya idara za kikoloni yapo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu. Tafuta kwa idara na mwaka (uvuvi, maji, ujenzi, reli), kwani hakuna faili litakaloandikwa "boti". Ikiwa na alama ya serikali, dai hati ya mnada kutoka kwa aliyekuuzia kabla hujatumia shilingi juu yake.

Ukiandikia jumba la makumbusho au chama cha wenye boti za aina hiyo nje, usitume picha arobaini. Tuma saba: ubavu mzima, tezi, omo, ndani bila mikeka, kiungo cha taruma na mkuku, dashibodi, na namba iliyosuguliwa kwa penseli. Chini yake vipimo vya mita na vya futi, aina ya mbao, hesabu ya meno ya bolti. Andika wazi kipi umekiona na kipi umeambiwa. Mtaalamu akiona umechanganya hivyo viwili ataacha kusoma.

Majibu huchukua miezi, na fundi wako wa rangi atakuwa anakusumbua aanze kazi. Mpe mabenchi na sakafu. Ubao wa tezi na kifuniko cha injini visiguswe na msasa mpaka barua irudi.